HOMA YA INI: MGENI ASIYEBISHA HODI

Huenda umefungua ukurasa huu ukitarajia shairi au kisa cha mapenzi. Usijali, hayo yapo mbele. Mimi nimepewa kurasa hizi niandike juu ya ini, na nimekubali kwa sababu ya jambo lililotokea bwenini kwetu.

Muhula wa pili mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji, alianza kukataa chakula. Uji wa asubuhi hakuutaka, na githeri ilimtia kichefuchefu hata kabla hajaionja. Siku ya tatu alitoka msalani akiwa amefadhaika. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Siku ya tano macho yakawa manjano kama kiini cha yai. Basi hapo kila mtu akageuka daktari. Wa kwanza akasema ni homa ya manjano, imeletwa na mbu, na itatumaliza wote. Wa pili akasema ni malaria iliyopanda kichwani. Wa tatu akasema, tena kwa sauti ya chini, kwamba huko kwao kuna mtu aliyemwangalia vibaya. Jioni hiyohiyo kitanda cha jirani yake kilisogezwa hadi ukutani, na kikombe chake kikatengwa dirishani peke yake.

Alipelekwa hospitali, akapimwa damu, na baada ya wiki chache akarudi mzima kabisa, anakula kama mchwa. Ilikuwa homa ya ini, aina ya A. Na sisi mashujaa tuliomkimbia? Kumbe tulikimbia tukiwa tumechelewa. Mwenye homa ya ini ya A huambukiza zaidi katika wiki mbili zinazotangulia yale manjano, wakati bado anacheza nawe mpira na kuchovya mkono katika sahani moja nawe. Macho yanapobadilika rangi, hatari yake kwa wengine tayari inapungua. Halafu, wakati tunatenga kikombe cha yule maskini, wembe mmoja wa kunyolea ulikuwa ukizunguka bwenini kutoka kidevu hadi kidevu, na hakuna aliyeshtuka. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na majina, maana ugomvi wote wa bwenini ulitokana na majina. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa. Huletwa na kirusi kinachobebwa na mbu, na hapa Kenya ulizuka mwaka 1992 na 1993 huko Baringo na Elgeyo Marakwet. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, na mara nyingi kinachosababisha ni virusi visivyohusiana na mbu hata kidogo. Ama manjano yenyewe, hayo si ugonjwa bali ni dalili. Malaria kali huweza kuyaleta, selimundu huyaleta, mawe katika kifuko cha nyongo huyaleta, na hata dawa zilizomezwa vibaya huyaleta. Ukiona moshi juu ya paa la jirani utajua kuna moto, lakini hutajua ni ugali unaopikwa au ni nyumba inayoungua mpaka uende uangalie. Kwenda kuangalia, kwa upande wa ini, ndiko kupima damu.

Waswahili wenyewe wamelipa ini heshima kubwa. Mtu akikutendea la kuumiza rohoni unasema amekukata maini. Mipango ikiharibika unasema imetumbukia nyongo. Na aliyewahi kuchinja kuku anajua maana ya usemi huo wa pili, kwani kile kifuko kidogo cha kijani kilichoshikamana na ini kikipasuka, nyama yote inakuwa chungu na mama hakusamehe. Maji hayo ya kijani, nyongo, hutengenezwa na ini. Yashike akilini, kwa maana ndiyo yanayoeleza rangi ya macho ya mwenzetu.

Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Kazi yake tunaweza kuilinganisha na kituo cha kununulia chai hapa kwetu. Mkulima hapeleki majani yake kiwandani Tombe au Kebirigo moja kwa moja kutoka shambani. Hupitia kwanza kituoni, karani akayakagua, akayapima, akatupa yaliyokomaa, ndipo gari likachukua mazuri. Vivyo hivyo chakula kikishasagwa na kunyonywa na utumbo, damu inayokibeba hupitia kwanza kwenye ini. Ini likachuja sumu, likaweka akiba ya sukari ili usizirai usiku ukiwa umelala bila kula, likatengeneza kitu kinachogandisha damu unapojikata, likabadilisha uchafu unaotokana na nyama na maharagwe uwe kitu ambacho figo zinaweza kukitoa kwa mkojo. Pombe hupita hapo. Panadol ya matroni hupita hapo. Dawa za miti shamba hupita hapo pia, hata zile ambazo mganga mwenyewe hajui kipimo chake.

Sasa manjano yanatoka wapi? Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na kuvunjwavunjwa. Katika kuvunjwa huko hutoka rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini likiwa zima huichukua rangi hiyo, huitia katika nyongo, nyongo huimwaga utumboni, na hatimaye inatoka na choo kikubwa. Ndiyo sababu choo kina rangi kilicho nayo. (Samahani kwa mnaosoma mkiwa bwaloni.) Ini likivimba, kazi hiyo inakwama. Bilirubini inarudi katika damu, inatanda kwenye weupe wa macho na ngozi, nyingine inapita kwenye figo na kuufanya mkojo kuwa mweusi, na choo kikubwa, kwa kukosa rangi yake, kinakuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi.

Virusi vinavyolipenda ini ni vitano, na wataalamu hawakujisumbua kuvitafutia majina, wakaviita kwa herufi: A, B, C, D na E. Usije ukadhani ni ndugu wa tumbo moja kama darasa la watoto wa mtu mmoja. Ni virusi vya koo tofauti kabisa vilivyokutana kwenye nyumba moja, na njia zao za kuingia ni mbili tofauti.

A na E huingia kwa mdomo. Mgonjwa huvitoa katika choo kikubwa, navyo hurudi kwa mtu mwingine kwa maji, chakula au mikono. Hapa petu jambo hili si la vitabuni tu. Milima ya Gusii imejaliwa chemichemi tele. Maji yanatoka mawe kwa mawe, baridi na maangavu, na tumezoea kusema kwamba maji yanayong'aa ni safi. Lakini watu tumekuwa wengi, mashamba yamekatwakatwa, na choo cha shimo cha boma la juu huweza kuwa juu ya chemichemi ya boma la chini. Mvua ya Aprili ikinyesha, unadhani vitu hivyo vinakwenda wapi? Kirusi hakionekani kwa macho wala hakibadilishi ladha ya maji. Kukichemsha ndiyo dawa yake. Chinsaga na managu yanayopikwa hayana neno. Tunda lililooshwa kwa maji ya mtaroni stendi ndilo lenye neno.

A huwapata watoto wengi wa nchi zetu wakiwa wadogo sana, na mtoto wa chini ya miaka 6 aghalabu haonyeshi dalili yoyote. Anaugua bila mtu kujua, anapona, na hawezi kuupata tena maisha yake yote. Anayeupata akiwa mkubwa ndiye anayegeuka manjano kama mwenzetu. Haudumu mwilini, na wengi hupona kwa mapumziko na chakula.

E una njia ileile, lakini una ukatili wake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2007 ulizuka wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika kambi za watu waliokuwa wamehamishwa na vita. Kufikia mwaka 2009 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua na kama 160 wamefariki. Mwaka 2012 ukaingia kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, huku kwetu Kenya, ukawapata watu zaidi ya 300. Msongamano, vyoo vichache, maji machache: ndivyo unavyopenda. Na ukatili niliousema ni huu, kwamba unawalenga akina mama wajawazito. Mama aliye katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito akiupata, hatari ya kufa inaweza kufikia watu 20 hadi 25 kwa kila 100. Kwa nini wao hasa? Wanasayansi bado wanabishana.

Hao wawili, pamoja na ukatili wao, angalau hubisha hodi. Sasa tuje kwa yule asiyebisha. Huyo ni B.

B huingia kwa damu na majimaji mengine ya mwili. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watoto wadogo huambukizana kwa vidonda na michubuko. Watu wazima huambukizana kwa kujamiiana bila kinga. Wembe, sindano, kisu cha kuchanjia, mswaki wa kuazimana, vyote huweza kukibeba. Kirusi hiki ni kigumu mno. Tone la damu likikauka juu ya wembe, unaweza kukikuta kingali hai baada ya siku 7, na kuambukiza kwake kwa njia ya damu kunazidi ukimwi mara 50 hadi 100. Sasa ufikirie ule wembe wa bweni. Ufikirie pia Desemba zetu za jadi, msimu wa kutahiri, kisu kimoja kikipita kwa vijana wengi mfululizo. Siku hizi wengi wanapelekwa hospitali, na hilo ni jema. Kuhusu dada zetu, ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Sababu za kuukataa zilikuwa nyingi tayari. Ongeza na hii ya wembe.

Ila B haambukizwi kwa kula pamoja, kwa kupeana mkono, kwa kukumbatiana wala kwa kukaa dawati moja. Kutenga kikombe cha mwenye B ni kumkata maini bure.

Jambo la ajabu kuhusu B, na mimi nililisoma mara tatu kabla ya kuliamini, ni kwamba kirusi chenyewe hakiui seli za ini. Huingia, hukaa, huzaana. Anayeziua seli hizo ni askari wetu wenyewe, kinga ya mwili, inapotambua kwamba ndani ya seli fulani kuna adui na kuamua kuichoma nyumba pamoja na mwizi. Mtu mzima akiambukizwa, askari hao huamka kwa ghadhabu. Ini linavimba, macho yanakuwa manjano, mtu anaumwa kwelikweli, lakini mara nyingi vita vinaisha na adui anafukuzwa. Kati ya watu wazima 100, chini ya 5 hubaki nacho. Lakini mtoto mchanga? Askari wake bado hawajajua adui ni nani na mwenyeji ni nani. Kirusi kinaingia, wanakipigia saluti. Hakuna vita, hakuna homa, hakuna manjano. Mtoto anaonekana mwenye afya, ananyonya, ananenepa. Na kati ya watoto 100 wanaoambukizwa kwa namna hiyo, kama 90 hubaki nacho daima.

Umeelewa mzaha huu mchungu? Anayeugua sana ndiye mara nyingi anayepona. Asiyeugua ndiye anayebaki nacho. Kwa hiyo kungoja macho yawe manjano ndipo tuseme kuna homa ya ini ni kama kungoja mwizi apige kengele.

Basi miaka inakwenda. Mtoto anakuwa kijana, anacheza mpira, anafanya mitihani. Askari wake wanaamka polepole, wanachoma nyumba moja hapa, nyingine pale. Ini lina kipawa ambacho viungo vingine havina, kwani hata daktari akikata sehemu kubwa yake, hukua tena. Lakini likijeruhiwa kila siku kwa miaka 20 au 30 linachoka, na badala ya seli mpya linaanza kuweka makovu. Na halina kelele. Ndani ya ini hakuna mishipa ya kuhisi maumivu, ni ngozi nyembamba ya juu tu inayouma, tena likivimba sana. Makovu yakizidi, ini linakuwa gumu na la vinundu, linasinyaa. Madaktari wanaiita hali hiyo sirosisi.

Hapo ndipo ninapotaka walimu na wazazi wanisikilize, maana hapo ndipo kijiji kinapoanza kusema. Ini likishakuwa gumu, damu kutoka utumboni haipiti. Inarudi nyuma kama maji ya mto uliozibwa. Wengu unavimba. Mishipa ya umio inatanuka, na siku moja inapasuka, mtu anatapika damu. Maji yanavuja na kujaa tumboni, tumbo linakuwa kubwa huku mikono na miguu imebaki mifupa. Ule uchafu wa nyama na maharagwe niliousema, ambao ini lilikuwa likiusafisha, sasa unapanda hadi ubongoni, mgonjwa anachanganyikiwa, analala mchana, usiku yuko macho, anasema maneno yasiyoeleweka, hamtambui mkewe.

Mtu mzima wa miaka 40, hakuwahi kuugua, mara tumbo limejaa, anatapika damu, anazungumza peke yake. Mwambie jirani asiyejua habari za ini akueleze ni nini. Atakueleza, tena atakutajia na jina la nyanya fulani. Mwaka 2008 watu 11, wengi wao akina mama wazee, walichomwa wakafa huku Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 akina nyanya wanne waliuawa Marani kwa dai lilelile. Sisemi kwamba visa hivyo vilitokana na ugonjwa wa ini, la. Ninasema ugonjwa usio na jina hutafuta mtu wa kubeba lawama, na huu mmoja nimeshakupa jina lake.

Fauka ya makovu kuna saratani ya ini. B ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa duniani, na rafiki yake mkubwa anakaa ghalani. Ni sumukuvu, ile inayotangazwa redioni kama aflatoksini, inayotokana na ukungu wa mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa, ini likiwa limeharibika ghafla. Watafiti walipowapima wagonjwa na majirani zao wazima, waliona kwamba mtu aliyekuwa na kirusi cha B alikuwa katika hatari zaidi ya kuugua. Mahindi ni yaleyale, ini moja lilikuwa tayari limechoka. Mwaka baada ya mwaka, sumu hiyo kwa vipimo vidogo pamoja na kirusi hicho huongeza sana uwezekano wa saratani kuliko kimojawapo kikiwa peke yake. Nasi huku kwenye baridi na mvua za kila alasiri, mahindi kukauka ni kazi. Ongeza chang'aa juu yake, we acha tu.

C na D nitawapitia haraka. C huingia kwa damu, na hapa Kenya hupatikana zaidi kwa wanaojidunga dawa za kulevya wakitumia sindano moja. Misri ilikipata kwa njia ya kusikitisha. Miaka ya 1950 hadi 1980 serikali iliwadunga watu wengi sindano za kutibu kichocho, sindano hazikuchemshwa vizuri, na kirusi kikaenea nchi nzima. Lakini Wamisri hawakukaa kitako. Mwaka 2018 na 2019 waliwapima watu karibu milioni 50 na kuwatibu waliopatikana nacho. C hana chanjo, ila anatibika. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. D ni mwoga, hawezi kuishi bila B. Asiye na B hawezi kumpata D. Basi.

Tulijuaje haya yote? Daktari Mmarekani, Baruch Blumberg, hakuwa hata akitafuta homa ya ini. Alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali kuona zinatofautianaje. Katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia akakuta kitu kigeni, akakitangaza mwaka 1965, na baadaye ikabainika kwamba ni ganda la kirusi cha B. Mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo siku ya homa ya ini duniani. Ganda hilo likawa ndilo chanjo. Tangu mwaka 1986 limekuwa likitengenezwa kwa kutumia hamira, ndugu wa hamira ya maandazi, bila damu ya mtu yeyote. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Kwa hiyo tunaweza kusema ilikuwa chanjo ya kwanza ya kuzuia saratani. Hapa nyumbani KEMRI, kwa msaada wa Japani, ilitengeneza kifaa cha kupima kirusi cha B katika damu, wakakiita Hepcell. Mkenya naye yumo kitabuni, si Mzungu peke yake.

Licha ya hayo yote, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B, na kwamba B na C kwa pamoja viliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Wengi wa wanaoishi nacho hawajui. Watajuaje, na hakibishi hodi?

Sasa fanya hesabu nami. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya B mwishoni mwa mwaka 2001, ndani ya sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na bakteria wa Hib. Ilitolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sisi tulio darasani leo tulizaliwa baada ya hapo. Kama mama alitupeleka kliniki mara zote tatu, tuna kinga. Lakini mwalimu wako wa hisabati? Baba yako? Yule mjomba anayekunyoa? Wao walizaliwa kabla. Hawakuchanjwa utotoni, na huenda walipita katika zile Desemba za kisu kimoja. Sisi watoto tumefungiwa mlango, wazazi na walimu wetu wameachwa uani.

Kuna na ufa mwingine. Mama mwenye B huambukiza wakati wa kujifungua, na sindano iliyoanza wiki ya 6 haiwezi kuziba saa za kwanza. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na mama apimwe akiwa bado mjamzito, ili kama anacho apewe dawa mapema.

Kupima si mchezo mkubwa. Ni tone la damu tu. Asiyekuwa nacho na hajachanjwa anachanjwa, hata akiwa na miaka 50. Aliye nacho hahukumiwi kifo. Wengi hawahitaji dawa mara moja, wanahitaji kuangaliwa ini mara kwa mara. Anayehitaji humeza kidonge kimoja kwa siku, tenofovir, ambacho wengi wanakijua kwa kuwa ni mojawapo ya dawa za ukimwi. Hakikifukuzi kirusi, kwa maana kimejificha ndani kabisa ya kiini cha seli, ila kinakilaza usingizi, ini likapumua na makovu yakapungua kasi. Anayemeza kidonge hicho halafu akaendelea na chang'aa anajidanganya. Na anayeacha dawa kwa sababu mganga amempa mizizi, huyo, bwana, nimekwisha kusema kila kitu hupitia wapi.

Nilipofunga shule likizo ya Agosti nilimwomba mama kadi yangu ya kliniki. Alinitazama kama anayetaka kuniuliza kama naumwa. Akaitoa chini ya godoro, ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja na risiti za chai na cheti changu cha kuzaliwa. Tukaisoma pamoja mezani. Zilikuwepo tarehe tatu, za wino wa buluu, na muhuri. Nikamwonyesha mahali palipoandikwa HepB, nikamweleza haya yote niliyokueleza wewe, habari za askari na mwizi, na za mwaka 2001. Alinyamaza kitambo, akaikunja kadi vizuri, akairudisha katika nailoni. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, na yangu mimi iko wapi?"